Gari ya zamani imegoma: anza na dalili kabla hujakimbilia duka la spea

Sisi ni wanne, twakutana kila Jumamosi baada ya laasiri chini ya mwarobaini huku Maweni, Malindi. Tuna gari tatu baina yetu: Peugeot 504 steshen wagoni, Datsun 1200 pikapu na Land Rover Series III. Hakuna aliyesomea ufundi. Mmoja ni mwalimu, mmoja ana duka la vifaa vya uvuvi, mmoja ni seremala, na mimi ni karani. Tulichojua twakijua kwa mzee mmoja fundi aliyeshika spana tangu ujana wake na bado hupita kutuangalia, na kingine tumekijua kwa kuharibu pesa.

Naandika haya manake vitabu vya hizi gari viliandikwa na watu wa nchi za baridi, sio mtu ambaye upepo wa kusi wamletea chumvi ya bahari mpaka ndani ya boneti miezi mitano sita mfululizo. Ugonjwa ambao kitabu chautaja mwisho kabisa, huku kwetu ndo wa kwanza kuangalia.

Na kuna ugonjwa mwengine hauko kwenye kitabu chochote, ni wa marafiki wakiwa wengi kwenye gari moja. Huyu afungua distributa (kile kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi), yule azungusha skrubu za kabureta, wa tatu ashachomoa plagi zote azisugua na msasa. Gari ikiwaka hamjui ni nini kilichoiponya, ikifa zaidi hamjui nani kaiua. Kwa hivo sheria yetu sahizi ni moja: mmoja ashike spana, wengine washike tochi, na kiguswe kitu kimoja tu kisha gari ijaribiwe. Tuna daftari, twaandika tarehe, dalili, kilichoguswa na matokeo. Hilo daftari limetuokolea pesa kuliko vifaa vyote tulivyonunua.

Ukigeuza ufunguo: kimya, au tik moja tu

Hii ndo iliyotutesa zaidi kwa ile Peugeot. Ilianza kidogokidogo, asubuhi yashika, jioni haishiki, ukiisukuma yawaka. Tukabadilisha betri. Ikakaa vizuri siku nne (betri mpya ina nguvu hata ya kupita kwenye njia mbovu, ndo maana ilituhadaa) kisha ikarudi palepale. Tukapeleka stata ikafunguliwa ikatiwa brashi mpya. Wiki mbili, ikarudi. Mzee alipokuja hakugusa kitu, aliuliza tu, "mmepima athi?" Tukaangaliana.

Athi ni ile waya nene ya hasi, kutoka betri kwenda kwenye bodi, na nyengine kutoka bodi kwenda kwenye injini. Umeme wa stata wataka kwenda NA kurudi. Watu waangalia tu njia ya kwenda. Hapa pwani ile bolti inayoshika athi kwenye bodi yala kutu chini kwa chini, juu waona imekaza vizuri kabisa lakini katikati kuna unga wa kutu ambao haupitishi umeme wa kutosha. Taa ndogo zawaka, redio yaimba, stata yataka ampea mia na zaidi hapo ndo inaposhindwa.

Kupima ni rahisi. Kwanza betri yenyewe gari ikiwa imelala usiku: 12.6 voliti imejaa, 12.2 ni kama nusu, chini ya 12 ichajiwe kwanza usiendelee na kitu kingine. Kisha weka waya moja ya mita ya kupimia umeme kwenye nguzo ya hasi ya betri, nguzo yenyewe sio tamino (kile kibano cha waya), na nyengine kwenye chuma kisafi cha injini, mwenzio apige stata. Mita ikisoma 0.2 au 0.3 iko sawa. Ikipita 0.5 athi ni mbovu. Yetu ilisoma karibu voliti 3! Yani robo ya betri yote ilikuwa yapotea kwenye bolti moja. Tukaifungua, tukasugua mpaka chuma kikang'aa, tukafunga, tukapaka vaselini juu yake baada ya kukaza. Gari ikashika kama ya mwaka 1975, mwaka ambao 504 ilishinda Safari Rally.

Pima upande wa chanya vilevile, nguzo ya chanya mpaka ile bolti kubwa ya stata. Kama njia zote mbili ni nzuri na bado yapiga tik moja, hapo sasa shuku solenoidi (ile swichi kubwa inayopeleka umeme kwa stata) au stata yenyewe.

Dalili ndogo za athi mbovu ambazo watu wazipuuza: ukiwasha indiketa ya nyuma na taa ya breki nayo yapepesa, au ukikanyaga breki taa ndogo zafifia. Umeme umekosa njia ya kurudi waenda kutafuta njia kwa jirani. Usibadilishe balbu, fungua kikombe cha taa uangalie kutu ya kijani.

Land Rover ziko na kisa chao, bodi ni alumini lakini chasisi ni chuma, na pale chuma na alumini vinapogusana na kuna maji ya chumvi, alumini yaliwa na kuwa unga mweupe. Athi ya taa iliyofungwa kwenye bodi haitadumu. Sisi tulivuta waya ya athi moja kwa moja kutoka kila taa mpaka kwenye chasisi, kazi ya siku mbili, na hatujarudi tena kwenye taa. Pia angalia kama yako ni ya miaka ya zamani zaidi, zile za kabla ya mwisho wa miaka ya 60 nyingi zilikuwa chanya ndo athi, ukifunga betri kama ulivyozoea utachoma vitu.

Stata yazunguka kwa nguvu lakini haishiki

Hapa ni mambo mawili, moto (yani cheche ya plagi) au petroli. Usikisie. Chomoa plagi moja, irudishe kwenye waya yake, ilaze kwenye chuma cha injini mbali na petroli, mwenzio apige stata. Cheche ya buluu yenye sauti ni nzuri. Cheche ya njano nyembamba au hakuna kabisa, basi tatizo ni upande wa moto.

Asubuhi za masika, kabla ya kitu chochote, fungua kofia ya distributa ufute ndani na kitambaa kikavu. Nusu ya asubuhi ambazo Datsun yetu ilikataa ilikuwa ni umande tu ndani ya kofia. Kama kuna mstari mweusi kama ufa wa penseli ndani, hiyo kofia imekwisha, umeme ushajitengenezea njia hapo.

Kisha pointi, zile ncha mbili ndani ya distributa zinazofunga na kukata umeme. Zikiwa zimeungua zisugue na msasa laini sana, halafu uweke nafasi baina yake na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia). 504 na Land Rover zote zakaa vizuri kwenye 0.40 mm. Usitumie jicho, na usitumie kipande cha pakiti ya sigara kama wengi wafanyavyo, geji si ghali. Ukishaweka pointi, taimingi (wakati wa cheche kupiga) nayo imesogea, kwa hivo iangalie tena.

Koili, ile inayokuza umeme wa betri uwe cheche, ipime kwa omu: upande mdogo, chanya kwa hasi, koili ya kawaida ya voliti 12 husoma kama omu 3, na ile inayotumia rizista ya nje husoma kama 1.5. Ukiweka ile ya 1.5 bila rizista yake, pointi zaungua upesi na koili yachemka. Wauzaji wengi hawatakuambia, watakupa tu koili.

Na jambo moja la Peugeot ambalo limewapoteza watu wengi: silinda namba 1 iko nyuma, upande wa flaiwili, sio mbele karibu na feni. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2 sawa na Datsun na Land Rover, lakini ukihesabu kutoka mbele na kitabu chahesabu kutoka nyuma, cheche yaja kwenye mpigo usiokuwa wake, na injini yakohoa moto kupitia kabureta. Tulimsaidia jamaa mmoja wa Barani ambaye gari yake ilikaa mwezi mzima hivo, na waya zilikuwa zimegeuzwa tu.

Kama moto uko sawa, sasa petroli. Gari iliyokaa miezi petroli yake yabaki gundi, na joto letu layaharakisha haya. Yanuka kama rangi ya kupaka. Usijaribu kuiwasha kwa hiyo, mwaga, safisha bakuli la kabureta, puliza jeti kwa hewa (usichokoe na sindano, tundu likipanuka hata kidogo gari itakula petroli maisha), badilisha filta, tia mpya.

Yaenda vizuri mpaka ipate joto, kisha yazima

Hii ndo dalili inayogombanisha marafiki manake sababu zake mbili zafanana kabisa. Gari yazima, wakaa nusu saa, yawaka tena kama hakuna kilichotokea.

Ya kwanza ni petroli kuchemka ndani ya paipu. Pampu ya hizi gari imefungwa ubavuni mwa injini, injini ya moto, jua la Februari, hamna upepo kwa vile wapanda taratibu, petroli yageuka mvuke na pampu haiwezi kuvuta mvuke. Ya pili ni kondensa (kile kidude kidogo kinacholinda pointi zisiungue) au koili inayokufa ikipata joto na kufufuka ikipoa.

Dawa ni kupima PALE PALE inapozima, sio ukifika nyumbani. Tulitoka na Land Rover kwenda Marafa, tukavuka mto Sabaki, tukapita Mambrui vizuri, tulipoingia kwenye barabara ya vumbi ikaanza kukatakata kisha kimya. Kila mmoja alikuwa na hakika yake. Wawili wasema petroli, mmoja asema koili. Daftari likatuamulia, imeandikwa "ikizima, cheche kwanza". Tukapima, cheche ya buluu nzuri tu. Basi si moto. Tukarowesha leso maji tukaifunga kwenye pampu na kwenye paipu, dakika kumi ikawaka, na tulirudi mpaka Malindi kwa kurowesha leso mara tatu njiani. Nyumbani tukakuta paipu ya petroli imelala karibu kugusa ekzosi, mtu wa zamani aliibadilisha akaipitisha njia ya mkato. Tuliisogeza, tukaifunika, na tatizo likaisha.

Lakini mwaka huo huo Datsun ilifanya vilevile na tukakimbilia leso, kumbe siku hiyo ni kondensa. Ukifungua kofia ya distributa na kumwambia mwenzio apige stata, ukaona pointi zatoa cheche kubwa za buluu zenyewe, kondensa hiyo imekufa. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, weka moja ya akiba kwenye gari. Ila ijaribu kwanza kwa wiki kabla ya kuiita ya akiba, spea mpya za siku hizi zaweza kuja zimekufa tangu dukani.

Yachemka

Kabla ya lolote: usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyofungwa kwa presha yachemka juu ya nyuzi 100, ukifungua yote yaruka mara moja. Nimeona mkono wa mtu, sitaki kuona tena.

Swali letu la kwanza kwa mtu yeyote wa hapa ni, watia maji gani? Kisima cha Malindi kingi ni maji ya chumvi. Ukitia kwenye rejeta kwa miaka, ndani zajengeka mawe kama ya birika la chai, na alumini ya silinda hedi yaliwa. Kinga maji ya mvua kwenye mtungi uyaweke, au nunua maji safi ya betri (sio asidi), uchanganye na kulanti, ile dawa ya rejeta. Hata kama fundi akuambia kulanti ni ya nchi za baridi, si kweli, kazi yake ya pili ni kuzuia kutu na hiyo ndo twaihitaji sisi.

Yachemka ukiwa kwenye foleni tu, barabarani iko sawa? Ni feni. Kwenye 504 nyingi feni yakamatwa kwa sumaku ya umeme: maji yakipata joto swichi yapeleka umeme kwa brashi ndogo ya kaboni, sumaku yavuta, feni yazunguka na puli. Kaboni ikiisha, feni yaelea tu. Zima gari, leta waya kutoka chanya ya betri uguse ile waya ya brashi. Ukisikia tak na feni ikakataa kuzunguka huru kwa mkono, sumaku na brashi ni nzima, angalia swichi na fyuzi. Usiposikia kitu, ni kaboni au ile njia yake imejaa uchafu. Na ukiwa mbali na nyumbani, kuna skrubu 3 za kurekebisha nafasi ya sumaku, ukizikaza sawasawa feni yashikana na puli moja kwa moja, itapiga kelele lakini utafika.

Yachemka ukienda kasi tu? Rejeta imeziba au mpira wa chini umelegea wajikunja ukinyonywa. Ipapase rejeta ikiwa vuguvugu, sehemu iliyo baridi katikati ya joto ndo iliyoziba.

Mafundi wengi hapa wakiona gari yachemka watoa themostati (valvu inayofunguka kwa joto kupitisha maji kwenda kwenye rejeta) watupa. Mimi napinga hili. Injini haifiki joto lake, yala petroli, yaisha upesi, na kwa injini zengine themostati hiyo hiyo ndo inayofunga njia ya mkato, ukiitoa maji yazunguka bila kupita kwenye rejeta vizuri na yachemka zaidi. Ichemshe kwenye sufuria na kipimajoto, yafaa ianze kufunguka kwenye nyuzi zilizoandikwa juu yake, nyingi ni karibu 82. Kama haifunguki, nunua nyengine.

Mapovu yakitoka mfululizo kwenye rejeta (fungua kifuniko ikiwa baridi kisha uiwashe), au mafuta ya injini yamekuwa kama chai ya maziwa, gasketi ya hedi imekwenda. Ukipima kompresheni (presha ya ndani ya silinda) waweza kukuta silinda mbili jirani zote ziko chini. Hapo simamisha, usiendeshe hata mpaka sokoni. Na kwa 504 ukitoa hedi usizungushe injini, slivu zake (zile bomba ambazo pistoni zapanda na kushuka ndani yake) zimekaa ndani ya maji na zaweza kunyanyuka, utavunja mahali pengine pazima. Zibane kwanza kwa bolti na washa, vile vipete vya chuma vya chini ya bolti.

Moshi

Mweusi ni petroli nyingi, angalia choki imekwama au kiboya cha kabureta kimeingia petroli (kitikise, ukisikia maji ndani kimetoboka). Mweupe usioisha ni maji. Wa buluu ni mafuta: ukitoka pale unapoachia mguu kwenye mteremko au asubuhi ya kwanza, ni valvu na sili zake, waweza kuishi nao muda. Ukitoka ukikanyaga ni ringi za pistoni, anza kuweka pesa.

Yanguruma vibaya ikiwa imesimama

Chukua mafuta ya kupenyeza, puliza kidogo kwenye viungo vya manifoldi (paipu inayotoka kabureta kuingia injini), injini iwe baridi na ekzosi haijapata joto. Ngurumo ikibadilika hapo pavuja hewa. Kwa Land Rover yenye kabureta ya Zenith kuna ugonjwa wake mashuhuri, uso wa kifuniko wapinda, hewa na petroli zapita zisipotakiwa, na ukizungusha skrubu siku nzima hutapata kitu. Laza kioo mezani, msasa juu yake, usugue uso huo kwa mzunguko taratibu mpaka wote ung'ae sawa. Seremala wetu ndo aliifanya, mkono wake ni mtulivu kuliko wetu.

Breki

Hapa hatubahatishi na hatujifunzi kwa gari ya mtu. Pedo ikiwa laini kama sponji ni hewa. Ikishuka polepole ukiwa umeikanyaga na hakuna panapovuja nje, ni raba za masta silinda. Gari ikivutia upande mmoja, kalipa au silinda ya gurudumu imekwama kwa kutu, na gari iliyokaa karibu na bahari bila kuendeshwa hii ni kawaida. Gurudumu likibaki moto na halitaki kuachia, mara nyingi ni mpira wa breki umevimba kwa ndani, mafuta yaenda hayarudi, nje waona mpira mzima tu. Mafuta ya breki yanyonya maji ya hewa, na hewa yetu ni ya maji, kwa hivo sisi twabadilisha kila mwaka bila kujali rangi yake. Akikaa mmoja kwenye pedo na mwengine kwenye nipeli (skrubu ya kutolea hewa kwenye gurudumu), wasemeshane kwa sauti, "kanyaga", "shika", "achia", manake ukiachia kabla mwenzio hajafunga, mmeingiza hewa upya.

Kutu ya chini

Ukipita ufuoni au ukitoka upande wa Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, osha chini kwa maji baridi ya mfereji siku hiyo hiyo. Zibua matundu ya chini ya milango kwa waya. Ile desturi ya kupiga oili chafu chini ya gari yazuia kutu kweli lakini yaozesha mipira na bush na ikifika kwenye breki ni hatari, sisi twapaka nta na grisi kwa brashi pale panapohitajika tu.

Land Rover yagonge chasisi na nyundo ndogo kila mwaka, hasa ule mhimili wa nyuma kabisa na zile mikono za pembeni. Sauti ya kengele ni chuma kizima, sauti ya debe bovu ni kutu imekula ndani, na bisibisi itaingia. Kwenye mchanga wetu weka ubao mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi, jeki yazama upande mmoja bila kukupa onyo, na mtu asiingie chini kama gari yashikwa na jeki peke yake. Kabla ya fundi wa welding kuwasha, vua tamino za betri zote mbili, chomoa waya za altaneta, na kama ni karibu na tangi la petroli, tangi litoke kabisa liwekwe upande wa pili wa uwanja, upepo uwe watoka kwa welding kwenda kwa tangi, sio kutoka kwa tangi kuelekea welding.